Difu Kwanza, Kahawa Baadaye

Wadogo zangu wa gereji, siku mliponiaga mlinipa soda, kitenge cha mke wangu na daftari la kuandikia mambo ya kazi. Jalada linasema kurasa tisini na sita. Nimezihesabu mara mbili: ni tisini na nne. Aliyewauzia kashachukua chake. Basi nitaandika yale ya lazima tu.

Mshahara sitausimulia, ulikuwa unafika na kuondoka bila hata kuketi. Vyeo nilipata viwili, fundi na fundi mzee, na hicho cha pili kililetwa na mvi. Nitaandika jinsi ya kununua gari kuukuu la bei ndogo bila kulia, kwa sababu hilo ndilo jambo nililoulizwa kuliko yote hapa Omurushaka, na mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu.

Nilianza mwaka 1978, miezi michache kabla ya vita, katika gereji ya malori ya kubebea kahawa. Fundi mkuu alikuwa Mzee Kalisti, mtu mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata kwenye jua la saa saba. Gari likiingia, alilizunguka kwanza akilisemesha peke yake, ndipo akamgeukia dereva. Nilipouliza kwa nini, akaniambia gari halina sababu ya kudanganya.

Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo. Akaitikia bila kuinua kichwa.

"Unajua kuhesabu?"

"Najua, mzee. Nimemaliza la saba."

"Kahesabu nati za magurudumu ya lori lile."

Nilikwenda, nikaona gurudumu la kwanza limefungwa kwa nati nane, nikaona sehemu za kufunga ni nne, nikarudi mbio.

"Thelathini na mbili, mzee."

"Umezihesabu au umezizidisha?"

Nikaligeukia lori.

"Rudi ukaziguse. Moja moja, kwa kidole."

Nilizigusa. Zilikuwa thelathini na moja. Ile iliyobaki, nyuma upande wa kulia, lilikuwa tope lililokauka juu ya bolti hadi likapata umbo la nati. Nilipolibonyeza likadondoka. Lori lile lilikuwa limekwenda Bukoba na kurudi, tope likijifanya nati njia nzima, na hakuna aliyelishuku.

"Ee waitu, jamani," akasema Mzee Kalisti, na hapo ndipo aliponitazama usoni. "Sasa umeanza kazi."

Tangu siku hiyo nahesabu kila kitu mara mbili. Hata mbuzi wa mahari niliwahesabu nyumbani, nikawahesabu tena ukweni, na shemeji zangu hawajanisamehe. Watu wakaniita Fundi Mara Mbili. Jina langu la ubatizo limebaki kanisani na kwenye karatasi za kustaafu.

Baada ya vita vipuri vilikuwa adimu kuliko sukari. Gari halikuwa likifa. Lilihamia ndani ya magari mengine. Nimewahi kufungua lori lenye taa za basi, kiti cha Landrova na tangi la mafuta lililotengenezwa kwa pipa. Ndipo nilipoelewa kwamba umri wa gari kuukuu haumo kwenye kadi yake. Boneti inaweza kuwa na miaka kumi, injini ishirini, na usukani hata muuzaji hajui ulizaliwa lini. Usinunue mwaka wa gari, nunua hali yake.

Vyombo vyangu vya ukaguzi vilienea katika mfuko mmoja wa koti. Cha kwanza ni sumaku, niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, nikaivisha kitambaa isikwaruze rangi. Chuma inakishika, puti, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bati, haiishiki. Nimekutana na milango ambayo sumaku iliteleza kutoka dirishani hadi chini bila kushika popote. Ungeweza kupanda mihogo humo. Cha pili ni kioo kidogo cha kujipodoa cha mke wangu, cha kuchungulia juu ya chesesi, uti wa mgongo wa gari, mahali ambapo kichwa hakipiti. Cha tatu, spoku ya baiskeli ya kukwangulia chesesi, maana ukiona sehemu moja imepakwa rangi nyeusi mpya na nyingine ina kutu, chini ya rangi hiyo kuna mtu aliyechomelea na hataki ujue. Cha nne ni ukurasa wa gazeti. Unautandika chini ya injini, kisha unamwacha muuzaji azungumze. Akimaliza, gazeti litakuwa na habari mpya: doa la oili, la maji, au la mafuta ya breki.

Mzee Kalisti alipoacha kazi aliniachia spana zake, na neno moja ambalo sikulielewa: "Usile kwa mwenye gari." Nilidhani anazungumzia rushwa.

Katikati ya miaka ya themanini malori yetu yalipungua, na watu binafsi wakaanza kununua mikweche kutoka huku na huku. Wakanifuata niwakagulie. Mteja wangu wa kwanza alikuwa Zakaria, seremala wa Rugu, Mlutheri mwenye maneno machache. Alikuwa ameona gari dogo kwa mzee mmoja karibu na kwao, akataka la kubebea mbao.

Hapa lazima niseme jambo la kwetu, kwa ajili ya wale kati yenu mliotoka mbali. Mgeni kwetu huletewa kahawa ya kutafuna: punje zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa. Ukipokea na kutafuna, wewe na mwenye nyumba mmekuwa watu wa kusikilizana. Hapana karatasi, hapana muhuri, lakini baada ya hapo kumwambia gari lako bovu ni sawa na kumwambia mkewe hajui kupika.

Yule mzee alitupokea vizuri mno. Kahawa ikaja. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikaja kwenye kibuyu. Kisha ndizi na maharage. Tulipofika kwenye gari nilikuwa nimeshiba na namwita muuzaji baba. Nikafungua kifuniko cha oili, nikakigeuza: ndani kulikuwa na povu jeupe zito, kama mtindi. Maana yake maji yameingia kwenye oili, na injini hiyo ina siku za kuhesabika. Yule mzee alikuwa amesimama karibu yangu, mkono wake begani kwangu.

"Kuna unyevu kidogo," nikasema.

Unyevu! Yalikuwa maji ya kutosha kumbatizia mtoto.

Zakaria alinunua. Wiki ya tatu injini ilikwama barabarani, mbao zikiwa juu. Niliifungua mwenyewe, siku nne, bila malipo. Zakaria alileta benchi lake la kazi akaliweka karibu yangu, akapiga randa siku zote nne bila kunilaumu hata kwa neno moja. Ningefurahi zaidi kama angenitukana. Siku ya nne aliniuliza tu, "Fundi, ule unyevu umekauka?" Hapo ndipo nilipoelewa lile neno la Mzee Kalisti, nikajiwekea amri: difu kwanza, kahawa baadaye. Nimesema difu, lile boksi la gia linalozungusha magurudumu ya nyuma, kwa sababu ya kilichotokea baadaye, nacho nakieleza sasa.

Ilikuwa mwaka 1988. Walinijia watu wawili kutoka Isingiro, Mzee Laurian na mkewe, Ma Paskazia. Walikuwa na shamba zuri la ndizi, lakini ndizi zao walizisomba kwa baiskeli hadi barabarani, kisha wanasubiri lori. Lori lilikuja lilipotaka. Mwezi uliopita halikuja kabisa, na mikungu ilikuwa imeivia pale pale barabarani; wapita njia wakala, nyani wakala, wenyewe wakarudi nyumbani na baiskeli tupu. Wakaamua kununua pikapu yao. Walikuwa wameuza kahawa ya misimu miwili, na ng'ombe.

"Alikuwa mmoja tu," Mzee Laurian aliniambia, kofia mkononi. "Fundi, tukikosea hapa, hatuna ng'ombe mwingine wa kukosea naye."

Ma Paskazia alisimama nyuma yake. Alikuwa ananitazama mikono. Nadhani alikuwa anaangalia kama ni mikono ya kazi.

Pikapu ilikuwa kwa Anaklet, mfanyabiashara wa hapa Omurushaka aliyenunua magari yaliyochoka na kuyauza yakiwa yamepakwa rangi. Ulimi wake ulikuwa na oili kuliko injini zake zote. Tulifika saa mbili asubuhi. Kabla sijakunja mikono ya shati, kikapu kidogo cha kahawa kikawa mbele yangu.

"Karibu, Fundi Mara Mbili. Tafuna."

"Ahsante, ndugu yangu. Jino linauma."

"Jino lipi?"

"Yote."

Akacheka, akamgeukia Mzee Laurian. "Lakini Mzee wangu hapa jana jioni meno yalikuwa mazima. Si ndiyo, Mzee?"

Nikamtazama Mzee Laurian. Alikuwa anakagua viatu vyake kana kwamba navyo vinauzwa. Kumbe jana yake alipita kumsalimu tu Anaklet, kwa heshima, asije akaonekana mtu asiye na adabu. Akaletewa kahawa mbele ya majirani wawili, akapokea, akatafuna. Anaklet akasema, "Basi pikapu ni yako," na yeye hakujua namna ya kusema hapana akiwa na kahawa mdomoni.

Nikaona mchezo ulipofika. Mnunuzi alikuwa amefungwa kabla mimi sijafungua boneti.

"Haidhuru," nikasema. "Tuliangalie tu, tulijue jina."

Niliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto.

"Limetoka wapi asubuhi yote hii?"

"Kanisani," akasema Anaklet.

"Leo Jumanne."

"Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi."

Sikilizeni, vijana: muuzaji anayeipasha injini moto kabla hujafika anaficha namna inavyoamka. Injini ya moto inawaka hata ikiwa mgonjwa. Nikaketi kwenye jiwe nikasema nasubiri ipoe. Anaklet akasema ana shughuli. Nikamwambia aende tu, mimi na gari tutazungumza. Hakwenda.

Ilipopoa tukaiwasha. Iliamka kwa mshtuo wa tatu, ikatoa moshi wa buluu kidogo, kisha ukapotea. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ukikoma haraka unaweza kuvumilika, ukiendelea wewe utakuwa unanunua oili maisha yako yote. Huo ulikoma. Kifuniko cha oili kilikuwa kikavu. Nilisoma namba ya chesesi, nikaisoma kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, kisha nikaisoma kinyumenyume, maana jicho likisoma mbele linapenda kukubali. Ililingana. Sumaku ilishika vizuri isipokuwa mlango wa kulia na madigadi ya mbele. Mita ilisema kilometa elfu arobaini. Mpira wa pedali ya klachi ulikuwa umelika hadi chuma kinang'aa, kazi ya kilometa nyingi zaidi ya hizo.

"Dereva wake alikuwa mzito wa mguu," akasema Anaklet.

"Alikuwa tembo," nikasema, nikaandika.

Nikainua magurudumu kwa jeki moja baada ya jingine, nikayashika juu na chini nikayatikisa. La mbele kushoto lilicheza, beringi. Usukani nao ulikuwa na uhuru wake binafsi wa kama robo mzunguko. Tairi la kulia lilikuwa limelika upande wa ndani tu. Yote haya ni ugonjwa, lakini ni ugonjwa wa mtu mzima. Unatibika, mradi ukatwe kwenye bei.

Nikataka kulijaribu na mzigo. Gari la mizigo halijaribiwi tupu, kama vile punda hanunuliwi amelala. Tukapakia mikungu kumi na mbili ya ndizi mbichi kutoka kwa mchuuzi jirani. Anaklet aliketi kati, Mzee Laurian dirishani, mimi kwenye usukani. Ma Paskazia alikataa kubanana nasi. Akapanda nyuma, akaketi juu ya ndizi.

Tukaushika mlima wa njia ya kwao. Gia ya pili, vumbi jekundu, gari linapanda. Na hapo ndipo nilipoanza kukosa raha, kwa sababu halikulia. Pikapu ya umri ule, yenye pedali iliyolika vile, kupanda mlima na mzigo, lazima difu ya nyuma ivume. Ile ilikuwa kimya kama mtu aliyeambiwa asiseme.

"Unasikia?" Anaklet akasema. "Kama gari la waziri."

"Ndicho kinachonitia wasiwasi," nikasema. "Sijawahi kuona waziri wa umri huu."

Tulikuwa hatujafika juu nikasikia bati la nyuma linagongwa. Nikasimamisha, nikatoa kichwa.

"Kuna nini, Ma?"

"Nani anapika huku chini?" akauliza Ma Paskazia.

"Anapika nini?"

"Ndizi. Kuna mtu anachemsha ndizi chini yangu."

Anaklet akacheka kwa sauti kubwa mno. "Mama yangu, si umekalia ndizi!"

"Hizi nilizokalia ni mbichi, mwanangu. Mbichi hazinuki. Hizo zinazonuka zinaivia kwenye mafuta."

Nilishuka, nikalala kwenye vumbi chini ya gari. Difu ilikuwa imefunikwa tope kavu la miaka. Bolti za kifuniko chake kumi. Nilizigusa zote mara mbili, zote chafu kama inavyotakiwa. Lakini plagi ya kujazia oili ilikuwa safi, na kwenye pembe zake kulikuwa na alama mpya ya spana, inayong'aa. Kitu kimoja kisafi kwenye chuma kizima cha uchafu, huyo ndiye mtu wa kumhoji.

Hapo nikakumbuka neno jingine la Mzee Kalisti. Aliwahi kuniambia kwamba wajanja hutia vumbi la mbao kwenye giaboksi au difu iliyochakaa ili meno yasipige kelele. Yanakaa kimya siku chache, kisha yanasagika mara moja, na wakati huo mwenye kuuza hayupo. Lakini yeye alijifunzia kazi mahali penye viwanda vya mbao. Hapa kwetu mbao ni ghali. Mtu hutumia alicho nacho.

Tuliteremka polepole hadi kwa Anaklet. Nikaomba karai.

"Karai la nini?" akauliza. "Mimi na Mzee tumeshamalizana."

"La kunawia," nikasema. Akalileta mkewe, ambaye nadhani hakujua lolote, maana alileta na sabuni.

Nililala tena chini, nikafungua plagi ya chini. Oili ya difu hutoka nyeusi na nyepesi kiasi, kama asali iliyopashwa moto. Hii haikutoka. Nikaichokoa kwa spoku. Likaja tone, likaja bonge, kisha ukamwagika uji mzito mweusi na vipande ndani yake. Harufu ikaenea uani. Kuku wa Anaklet wakaja.

"Hiyo ni dawa ya difu," akasema Anaklet. "Inatoka nje."

"Nje ya nini?" nikauliza. "Ya mgomba?"

Ma Paskazia alikuwa amechuchumaa kwenye karai. Akachovya vidole viwili, akavisugua, akanusa. Akaokota kipande cha ganda ambacho hakijasagika, akakigeuza juani, taratibu, kama mimi ninavyogeuza kifuniko cha oili.

"Hii si ya kupika," akasema. "Ya kupika ingeyeyuka siku ile ile. Hii ni ndizi ya pombe, ngumu, na haijakomaa. Imekatwa juzi, si zamani." Akainua macho, akatazama nyuma ya nyumba ya Anaklet. Mgomba wa kwanza kabisa, karibu na choo, ulikuwa na mkungu uliokatwa nusu. "Ungesubiri ikomae, mwanangu. Hata difu ina tumbo."

Majirani waliokuwa wameshuhudia kahawa ya jana walikuwa wamekwisha sogea. Mmoja akageuka akaegemea ukuta, mabega yanatikisika.

Anaklet hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Akamwendea Mzee Laurian, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee wangu, sisi si watu wa maneno ya mafundi. Si tulitafuna wote jana? Hawa si walituona?"

Mzee Laurian alisimama hapo, mkono wake bado umeshikwa. Nilimwona anamfikiria yule ng'ombe. Nilimwona pia anafikiria namna Isingiro nzima itakavyosema kwamba Laurian alikula kahawa ya mtu akamgeuka. Akanitazama mimi, akamtazama mkewe. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliye kwa daktari, "Ni kweli. Nilitafuna."

Ma Paskazia akasimama, akajifuta vidole kwenye jani.

"Yeye katafuna," akasema. "Mimi nani aliniletea?"

Anaklet akauachia mkono wa Mzee Laurian.

"Kahawa iliyouzwa aliichuma nani? Ng'ombe alimkatia majani nani? Jana mlimlisha mmoja, leo mna mmoja. Mimi meno yangu haya, safi." Akamwonyesha. Yalikuwa meno mazuri kweli. "Ukitaka kuuza gari, zungumza na mimi. Na mimi nina fundi."

Nawaambia ukweli, nilitamani Mzee Kalisti awepo.

Hapo sasa ikawa zamu yangu. Hatukuondoka, na hili nalo mliandike: kasoro uliyoiona si sababu ya kukimbia kila mara. Injini ilikuwa nzima, chesesi nzima, kadi halali. Kilichokufa ni difu, na nyuma ya duka la Anaklet kulikuwa na pikapu nyingine ya aina ile ile iliyopinduka, nyasi zimeota ndani, difu yake imelala tu. Nikaanza kusoma kasoro kwa sauti, majirani wakisikiliza. Zikafika kumi na nne.

"Unazidisha," akasema Anaklet.

"Inawezekana. Ngoja nihesabu tena."

Nikazunguka tena gari, nikizigusa. Zikafika kumi na sita. Nilikuwa nimesahau wipa na taa ya nyuma.

Nikamtazama. "Nihesabu mara ya tatu?"

"Aa, basi! Basi, Fundi, nakuomba!" akasema, na safari hii alicheka kweli, kicheko cha mtu aliyekamatwa na anajua. Bei ikashuka theluthi. Ma Paskazia akasema bado. Ikashuka tena kidogo. Akasema pia Anaklet atoe difu ya ile iliyopinduka, niichague mimi, niifunge mimi, na oili mpya aimimine yeye Ma mwenyewe, kwa mkono wake, sote tukiona. Ikawa hivyo. Niliifungua ile difu, nikayahesabu meno ya gia yote mara mbili, hakuna lililovunjika. Kazi ilichukua siku mbili, na Anaklet ndiye aliyenishikia taa ya mkononi chini ya gari, jambo ambalo halijawahi kutokea tena katika historia ya Omurushaka.

Jioni ya siku ya pili tulipanda tena ule mlima tukiwa na mzigo. Difu mpya ilivuma kidogo, kwa adabu, kama inavyopaswa. Anaklet akaleta kile kikapu. Akaupita mkono wa Mzee Laurian, akampa Ma Paskazia kwanza. Ma akachukua punje mbili, akatia moja mdomoni, nyingine akanikabidhi mimi.

"Jino limepona?" akauliza.

"Yote," nikasema.

Pikapu ile iliwatumikia miaka mingi. Ndizi zao hazikuivia tena barabarani, na za majirani pia, maana Ma alibeba na zao. Ng'ombe alirudi, kisha akawa na ndama. Nyuma kwenye mlango wa kupakilia, mahali ambapo wengine huandika maneno ya kumshukuru Mungu, walimwita mtu wa rangi akaandika kwa herufi kubwa: NDIZI JUU TU. Anaklet alipokuwa akiiona inapita dukani kwake aliinua kofia.

Nimalizie na kazi yangu ya mwisho, kabla hamjanipa soda. Mwalimu mmoja wa Rugu aliniomba nikamkagulie gari kuukuu Isingiro. Hakuniambia la nani. Tulipofika uani niliyaona yale maneno yamepauka, na Mzee Laurian ameketi kwenye kiti cha uvivu, mzee kabisa sasa, akinipungia mkono. Ma Paskazia akatoka ndani na kikapu cha kahawa.

Nilisimama. Miaka yote ile sikuwahi kuvunja amri yangu, na mbele yangu alikuwa mtu ambaye nisingeweza kumwambia jino linauma.

Akakiweka kikapu juu ya jiwe, mbali nami. Akanyoosha mkono kuelekea chini ya gari, ambako alikuwa amekwisha tandika mkeka na karai.

"Difu kwanza," akasema.

Nikalala chini. Nikazigusa bolti, kumi. Nikafungua plagi. Oili ikatoka nyeusi, nyepesi, inateleza kama asali iliyopashwa moto. Nikaisugua vidoleni, nikainusa.

"Umekuta nini?" akauliza kutoka juu.

"Oili, Ma."

"Hesabu tena."

Nikazigusa tena zote kumi, moja moja, kwa kidole. Nikatoka chini, nikanawa mikono, nikamwambia mwalimu anunue. Kisha nikaketi, nikatafuna.